Isiolo: Lami Inayoshika na Lami Inayoteleza

Kwa miaka mingi Isiolo ilijulikana kama mahali lami ilipoishia. Msafiri aliyetoka Nairobi kupitia Nanyuki alifika kwenye kizuizi cha polisi upande wa kaskazini wa mji, na mbele yake palikuwa na vumbi, mawe na mawimbi ya changarawe hadi Moyale, kama kilomita 500. Lori lilikwenda siku mbili au tatu. Mvua ikinyesha, taniboi hakuthubutu kumwahidi mtu siku ya kufika. Leo lami inafika mpakani mwa Ethiopia. Kipande cha Isiolo hadi Mto Merille, kilomita 136, kilijengwa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, kisha vikafuata vipande vya Marsabit, Turbi na Moyale. Barabara nyingine inaelekea Mandera kupitia Modogashe na Wajir, kwa mradi ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2020. Na mpango wa miundombinu wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, unaifanya Isiolo kuwa njia panda ya kaskazini yote.

Barabara mpya husifiwa kwa kilomita zake, kwa saa zinazookolewa na kwa unyororo wake. Hakuna ubaya hapo. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali kutoka Laisamis anaujua uzito wa saa hizo. Lakini lipo swali la pili ambalo huulizwa mara chache: dereva akikanyaga breki, uso huo wa lami unalishika tairi kiasi gani? Unyororo ni sifa moja, mshiko ni nyingine. Barabara inaweza kuwa nyororo hata chai isimwagike kikombeni, na bado ikawa telezi kama sabuni pindi inaponyeshewa. Inaweza pia kuwa na mashimo na mawimbi tele huku mshiko wake ukiwa hafifu vilevile. Isiolo, kwa joto lake, vumbi lake, mteremko wake na mvua zake za ghafla, ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili kwa kina.

Tuanze na uso wenyewe. Wahandisi wa barabara hupanga mparuzo wa lami kwa ukubwa wake, na mipaka wanayoitumia ilikubaliwa na Shirika la Barabara Duniani katika mkutano wake wa Brussels mwaka 1987. Mparuzo mdogo ni ule usiofikia nusu milimita. Huu umo juu ya jiwe lenyewe: ukipitisha kidole kwenye kokoto iliyopasuliwa upya unauhisi kama msasa, ingawa macho hayauoni vizuri. Mparuzo mkubwa huanzia nusu milimita hadi milimita 50. Huo ni nafasi kati ya kokoto na kokoto, vile vijibonde unavyoviona ukiinama barabarani jua likiwa limelala. Zaidi ya hapo yanakuja mabaka, mashimo na mawimbi, ambayo kazi yake kubwa ni kuharibu springi na kuumiza migongo.

Katika ngazi hizi, mbili za kwanza ndizo rafiki wa tairi. Ya mashimo na mawimbi ni adui, kwa sababu gurudumu likirukaruka haligusi ardhi muda wote, na gurudumu lililo hewani halina breki. Wazee wa malori waliopita Isiolo–Moyale zama za changarawe walilijua hilo vizuri. Juu ya mawimbi ya barabara ile, gari lilielea kama linaloogelea. Kona ndogo tu, na sehemu ya nyuma ilitaka kutangulia. Barabara ile ilikuwa imejaa ukwaruzo mtupu, ila ukwaruzo wake ulikuwa wa ukubwa usiofaa, tena changarawe yenyewe haikushikana na kitu. Tairi lilishika jiwe, jiwe halikushika chochote.

Sasa mpira. Tairi hushika kwa njia mbili. Kwanza, mpira hunatana na jiwe pale vinapogusana hasa, na mnato huo huvunjika na kuanza upya mara nyingi kila sekunde. Pili, mpira hubonyea unapopita juu ya ncha za mawe na kurudi katika umbo lake, lakini haurudishi nguvu yote uliyopewa. Sehemu yake hupotea kama joto, na upotevu huo hulipunguzia gari mwendo. Mtafiti K. A. Grosch alionyesha mwaka 1963 kwamba msuguano wa mpira hubadilika kwa mwendo na kwa joto kwa namna inayofuata tabia hii ya mpira kunepa na kurudi. Ndiyo sababu mpira haufuati ile kanuni ya darasani kwamba msuguano hautegemei mwendo.

Kwenye lami kavu na safi, mnato ndio mkubwa. Hapo tairi lisilo na mifereji kabisa linaweza kushika kuliko lenye mifereji, kwa kuwa mpira mwingi zaidi unagusa ardhi. Magari ya mashindano hutumia tairi za namna hiyo siku za jua. Kwa hiyo dereva wa Isiolo anayesema tairi lake kipara halijawahi kumtupa hasemi uongo. Amekuwa akiendesha miezi mingi ya ukavu, na katika miezi hiyo tairi kipara halionyeshi tabia yake.

Maji yanapoingia kati ya mpira na jiwe, mnato unakatika. Wafugaji wa Isiolo wana mfano wao tayari: unyayo wa ngamia ni mpana, laini na hauna kwato za kuchimba, na juu ya mchanga hauna mpinzani, lakini juu ya udongo wa mfinyanzi uliolowa, mnyama yule yule anayumba na miguu inaachana, kwa sababu hakuna kinachopasua utelezi ule ufikie ardhi ngumu. Tairi kwenye lami iliyolowa lina shida hiyo hiyo, na hapo ngazi mbili za mparuzo zinagawana kazi. Mparuzo mkubwa, pamoja na mifereji ya tairi, huyapa maji pa kukimbilia. Yakishaondoka yaliyo mengi, unabaki utando mwembamba sana, na huo hupasuliwa na ncha za mparuzo mdogo. Ukikosekana mparuzo mdogo, tairi linateleza hata kwa mwendo mdogo. Ukikosekana ule mkubwa, gari litashika vizuri kwa kilomita 40 kwa saa na kukusaliti kwa 90.

Mwendo ndio unaobadilisha kila kitu, kwa sababu tairi lenye haraka halina muda wa kuyafukuza maji. Watafiti wa NASA, Horne na Dreher, walitoa mwaka 1963 kanuni rahisi iliyotokana na uchunguzi wa tairi za ndege: mwendo ambao tairi huanza kupanda juu ya maji na kuacha kugusa ardhi hutegemea zaidi upepo uliomo ndani yake. Kwa tairi la gari dogo lenye presha ya psi 32, hesabu hiyo inatoa takriban kilomita 94 kwa saa, maji yakiwa mengi kuliko uwezo wa uso na mifereji kuyapokea. Presha ikishuka hadi 20, mwendo huo unashuka hadi kama 74.

Hapa pana jambo la kaskazini hasa. Mtu anayevuka laga, yaani mto mkavu, yenye mchanga mwingi hupunguza upepo wa tairi ili gari lisizame. Ni ufundi mzuri na wa lazima. Akirudi kwenye lami bila kujaza upepo, kisha wingu likapasuka mbele ya Archers Post, anaendesha gari ambalo litaelea mapema zaidi kuliko anavyolizoea. Zaidi ya hayo, tairi lenye upepo kidogo huchemka kwa mwendo wa lami na linaweza kupasuka hata bila mvua. Malori yana presha kubwa, na kwa kanuni ile yangeonekana salama kabisa. Lakini uchunguzi uliofuata, ambao Horne mwenyewe alihusika nao, uligundua kwamba lori tupu halikanyagi ardhi kama lililojaa: alama ya tairi lake inakuwa fupi na pana, na linaweza kuelea kwa mwendo wa kawaida wa barabara kuu. Lori lililoshusha mzigo Marsabit na kurudi mbio bila kitu si jepesi tu kwa injini. Ni jepesi kwa breki pia.

Tuone maana yake kwa mita. Gari likienda kilomita 80 kwa saa na kufunga breki kwenye tambarare yenye mshiko wa 0.7, kiwango cha kawaida cha lami kavu, husimama ndani ya mita 36 tangu breki zikamate. Mshiko ukiwa 0.4, mita 63. Ukiwa 0.25, kiwango unachoweza kukipata kwenye lami iliyong'aa na kulowa, inakuwa mita 100. Ongeza mwendo hadi 100 kwa saa na mita hizo 100 zinakuwa 157. Hesabu hizi hazijahesabu muda wa dereva kushtuka, ambao kwa kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kwa kila sekunde. Mbuzi anayevuka barabara Ngare Mara hajui lolote kati ya haya, na mchungaji wake, ambaye mara nyingi ni mtoto, hajui pia.

Kwenye mteremko hesabu inakuwa kali zaidi. Isiolo iko mita 1,100 hivi juu ya bahari, ilhali Timau, kwenye mabega ya Mlima Kenya, iko zaidi ya mita 2,000. Anayetoka Nanyuki au Meru hugeuka Subuiga na kushuka. Mteremko wa asilimia 6 hupunguza mshiko unaobaki kwa ajili ya breki kwa 0.06. Mtu ataona ni kitu kidogo. Lakini ukiwa na 0.25 mkononi, unabaki na 0.19, na zile mita 100 zinakuwa zaidi ya 130. Ajali za miteremko hii kwa kawaida huelezwa kwa neno moja, breki, na mara nyingi ni kweli: breki zilizochemka hazishiki ngoma. Ila breki nzima huishia kwenye tairi, na tairi huishia kwenye jiwe. Breki nzuri kwenye lami iliyong'aa hufunga magurudumu tu. Mpira hushika zaidi gurudumu linapoteleza kidogo huku bado likizunguka. Likifungwa kabisa, mshiko unapungua na usukani unakuwa pambo. Magari mapya yana mfumo unaozuia magurudumu kufunga. Magari mengi yaliyotumika sana barabarani humu hayana, au yanao ila taa yake ya onyo imewaka tangu mwaka juzi.

Nimeacha kwa makusudi kilicho kikubwa zaidi kwa Isiolo, nacho ni vumbi. Mji huu hupata mvua katika misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na katikati kuna ukavu mrefu. Katika miezi hiyo lami hupokea vumbi la upepo, mchanga unaoburutwa na magari yanayotoka kwenye njia za udongo, mafuta yanayodondoka kutoka kwenye injini zilizochoka, dizeli inayomwagika kwenye matangi yaliyojazwa hadi shingoni, na unga wa mpira wa tairi zenyewe. Vumbi hili lina kazi mbili mbaya. Kwanza, linasaga: chini ya magurudumu, unga laini wa mawe huing'arisha kokoto polepole kama fundi anayepiga msasa wa mwisho. Pili, linangoja mvua. Matone ya kwanza hayatoshi kuliosha. Yanalikoroga na mafuta kuwa uji mwembamba unaojaza mparuzo mdogo na kuufunika. Baada ya mvua nzito ya saa moja hivi, uji umeoshwa na barabara inashika vizuri zaidi, ingawa sasa imelowa kabisa. Dakika za hatari ni zile za rasharasha, wakati dereva anasema hii bado si mvua.

Uingereza wametambua tangu zamani kwamba mshiko wa barabara zao hupungua majira ya kiangazi na kurudi majira ya baridi, wakati mvua na baridi vinapoyaparuza mawe upya. Isiolo haina baridi hiyo. Ukavu wake ni mrefu na mvua yake fupi. Kwa mantiki hiyo hiyo, barabara ya hapa hupata muda mwingi wa kung'arishwa na muda mchache wa kupona. Kanuni za kubuni barabara zilizotokana na nchi za mvua ya mwaka mzima zinafaa kusomwa hapa kwa tahadhari.

Halafu kuna jua. Lami inayopigwa na jua la mchana huweza kupita nyuzi 50, na katika joto hilo gundi nyeusi inayoshikilia kokoto hulainika. Lori zito likipita polepole, hasa linapopanda kuelekea Subuiga kwa gia ndogo, linazikandamiza kokoto chini na gundi inapanda juu. Matokeo yake ni ile mistari miwili myeusi inayong'aa kwenye njia ya magurudumu. Kwa jua huonekana maridadi. Kwa mvua ni kioo: mawe yamezama, mparuzo mkubwa umejaa, na ule mdogo umefunikwa. Katika hali hiyo hiyo barabara huanza kubonyea na kufanya mifereji miwili mirefu, ambayo hukusanya maji badala ya kuyatiririsha pembeni. Barabara ya Nairobi–Mombasa imesumbuliwa na ugonjwa huu kwa miaka mingi kwenye vipande vya kupanda milima. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, inayoweka kikomo cha tani 56, kwa kawaida hutetewa kwa hoja ya gharama za barabara. Ni sheria ya mshiko pia.

Na jiwe lenyewe? Hapa Isiolo ina utajiri usiosemwa. Milima ya Nyambene ilimwaga zaha iliyoacha mawe meusi ya volkano hadi karibu na mji, na chini yake kuna miamba ya kale yenye chembe za kwatzi na feldspa. Mawe hutofautiana sana katika kustahimili kung'arishwa. Kipimo kinachotumika duniani huchukua kokoto, huzibandika kwenye gurudumu na kuzisaga kwa mpira na unga wa msasa kwa saa 6, kisha hupima mshiko uliobaki. Chokaa hung'aa upesi; anayejua mawe ya pwani, yatokanayo na matumbawe, ataelewa kwa nini hayafai juu kabisa ya barabara kuu. Mawe ya volkano hukaa katikati, mengine yakifanya vizuri. Yanayoongoza ni yale yenye chembe za ugumu tofauti zinazomomonyoka kwa zamu, kila moja ikiacha ncha mpya. Kuna mtego hapo: jiwe lenye kwatzi nyingi halipendani na gundi ya lami, maji huingia kati yao na kokoto huchomoka, ilhali jiwe jeusi la volkano hushikana nayo vizuri zaidi. Mhandisi hachagui jiwe bora. Anachagua kasoro anayoweza kuishi nayo. Ninachosisitiza ni kwamba uchaguzi wa machimbo ni uamuzi wa usalama, na haufai kuamuliwa na umbali wa kusafirisha peke yake.

Tulifikaje mahali ambapo kila mtu anaongelea unyororo na wachache wanaongelea mshiko? Sehemu ya jibu imo Kenya yenyewe. Kati ya 1971 na 1974 maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, ikishirikiana na serikali ya Kenya na Benki ya Dunia, ilipima kwenye barabara za Kenya jinsi mashimo na mawimbi yanavyoongeza gharama ya mafuta, tairi na vipuri. Ripoti zilitoka mwaka 1975, na kutokana na kazi ile zikazaliwa programu za kompyuta zilizokuja kutumika duniani kote kuamua barabara ipi ijengwe. Baadaye, utafiti wa Brazil wa mwaka 1982 ukaleta kipimo kimoja cha kimataifa cha unyororo. Tangu hapo unyororo una bei: unaweza kumwambia waziri wa fedha kwamba kila kilomita iliyolainishwa inarudisha kiasi fulani. Mshiko haukupata bahati hiyo. Faida yake ni ajali ambayo haikutokea, na ajali ambayo haikutokea haina risiti.

Wala kupima mshiko si jambo geni au gumu. Watafiti wa Uingereza walikuwa wakiupima miaka ya 1930 kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni, gurudumu moja likiwa limepindishwa ili livutwe kando. Mzao wake, lori lenye tangi la maji na gurudumu lililopindishwa nyuzi 20, hupima barabara nzima likiwa safarini. Kuna kifaa kidogo zaidi chenye mkono unaobembea, wenye kipande cha mpira mwishoni. Unalowesha lami, unauachia mkono, nao unakuonyesha namba. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 1969 ulipendekeza angalau 65 kwa sehemu ngumu kama kona kali na miteremko, 55 kwa barabara kuu, na 45 kwingineko.

Mparuzo mkubwa hupimwa kwa njia rahisi kiasi kwamba darasa la fizikia la sekondari ya Isiolo lingeweza kuifanya kwenye lami isiyopitwa na magari. Chukua mililita 25 za mchanga mkavu uliochekechwa ukawa wa chembe laini zinazolingana, umwage kwenye lami, utandaze kwa kibao cha mviringo hadi mchanga ulingane na vichwa vya kokoto, kisha upime upana wa duara. Likifika milimita 200, kina cha wastani cha uso ni milimita 0.8, na hiyo ni barabara inayojua kunywa maji. Likitanuka hadi milimita 300, kina ni 0.35 tu, na ni busara kuipita polepole mvua ikinyesha.

Tiba ipo na haihitaji kujenga barabara upya. Uso uliong'aa hupewa tabaka jipya la gundi na kokoto safi zilizopasuliwa, kazi ambayo makandarasi wa Kenya wanaijua vizuri. Ina kero zake: kokoto zilizolegea siku za mwanzo huvunja vioo, humwangusha mwenye boda boda, na mparuzo mkubwa kupita kiasi huongeza kelele, hula tairi na mafuta kidogo. Kipimo cha gundi kikizidi, joto la Isiolo litaipandisha juu na kurudisha kioo kile kile. Kwingineko duniani, mbele ya vivuko na mataa, huweka chembe za boksaiti iliyochomwa, ngumu mno na ghali mno. Siioni ikifaa kwa kilomita 500, lakini mita 50 kabla ya kivuko cha shule si ndoto. Hata rangi za barabarani zinahitaji kuangaliwa. Mistari minene ya kivuko hulowa na kuteleza kuliko lami inayoizunguka, na mwenye pikipiki, aliye na tairi mbili tu na abiria wawili nyuma, ndiye wa kwanza kuligundua hilo.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo haifai kupuuzwa. Zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka kwenye barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi ni watembea kwa miguu, wakifuatiwa na waendesha pikipiki. Wengi wao hugongwa bila mvua, usiku, na madereva wenye mwendo wa kasi. Mtu anaweza kuuliza kama fedha za kokoto hazingefaa zaidi kwenye njia za miguu, matuta na taa. Ningekubali kwa mji wenyewe. Ndani ya Isiolo, mwendo ukiwa chini ya 50 kama sheria inavyotaka, mwendo mdogo huokoa maisha kuliko jiwe lolote. Nje ya mji hali ni nyingine. Kuanzia Ngare Mara hadi Merille barabara imenyooka, magari machache, na miguu ya madereva mizito. Tuta haliwekwi pale. Kinachobaki kati ya gari na punda aliyetokea ghafla ni mshiko. Tena, mshiko ni mojawapo ya hatua chache za usalama zinazofanya kazi bila kumtegemea mtu abadilike tabia.

Hilo halimwondolei dereva wajibu wake. Nchi za Ulaya zinakataza mifereji ya tairi kupungua chini ya milimita 1.6, na madereva wengi wa kaskazini wanavuka kiwango hicho bila hata kuangalia. Wapo mafundi wanaochonga mifereji mipya kwenye tairi kipara. Kwa macho inapendeza, lakini wanachimba ndani ya mpira unaolinda nyuzi, na tairi la namna hiyo juu ya lami ya mchana wa Isiolo linasubiri siku yake tu.

Kwa hiyo ombi ni kwa wenye barabara. Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA, ipime mshiko na kina cha uso kwenye vipande vya hatari vya barabara hii: mteremko wa kutoka Subuiga, maingilio ya mji, daraja la Ewaso Ng'iro pale Archers Post, na kona za kupanda Marsabit. Ipime mwishoni mwa ukavu, mwezi Septemba au Februari, hali ikiwa mbaya kuliko zote, na iyatangaze matokeo kwa kilomita kama inavyotangaza tarehe za ufunguzi. Mikataba ya barabara ya Mandera, ambayo bado ina vipande vinavyojengwa, iandike kiwango cha chini cha mshiko na aina ya jiwe la juu kabla mkandarasi hajafungua machimbo. Kaunti ya Isiolo nayo inaweza kufagia mchanga kwenye makutano ya njia za udongo na lami kabla ya Oktoba. Kazi hiyo inataka mafagio, vijana na siku chache za ujira.

Na wewe unayeshuka Subuiga jioni, wingu likiwa limetanda juu ya Nyambene na matone ya kwanza yakipiga kioo: punguza mwendo hapo hapo, kabla barabara haijalowa.